Padri Nani-Tena

Nilikwenda kwa askofu nikamwambia nimechoka na watu. Sikusema nimechoka na kazi, maana kazi haina neno. Kazi haikupigii simu ukiwa na sabuni machoni. Nimechoka na watu, baba askofu, nikasema, nataka kuwa mmonaki.

Askofu alikuwa akisaka miwani yake mezani, na miwani yenyewe iko juu ya kichwa chake.

"Umechoka na watu," akasema, "kwa hiyo unataka kwenda kuishi na wanaume thelathini na kitu chini ya paa moja mpaka ufe."

"Wale hawasemi, baba."

"Nani kakwambia?"

 Aliipata miwani, akaivaa, akaniangalia vizuri, na nadhani alichokiona hakikumfurahisha. Akanipa ruhusa nikakae monasterini kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Abate, mkuu wa monasteri, na baraza lake wakinikubali, na mimi nikiwa bado nawataka, basi ataniachia. Parokia ningemwachia msaidizi wangu, padri kijana aliyebandika mlangoni karatasi ya saa za ofisi siku ya kwanza tu, akadhani watu wataisoma.

Ngoja niieleze kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani padri anasoma misa Jumapili kisha anaketi kula kuku. Ningeipenda sana parokia hiyo. Mimi nina kanisa moja kubwa na vigango vilivyotawanyika kama kuku waliofukuzwa shambani. Kila kigango kinataka misa saa tatu asubuhi, Jumapili hiyohiyo. Nina kwaya mbili zinazogombea kipaza sauti kimoja. Nina kamati ya ujenzi ambayo haijawahi kujenga kitu zaidi ya ugomvi. Nina mume na mke wanaokuja kusuluhishwa, wanaketi, wananitupia maneno yote ya ndani ya nyumba yao, na mimi nikithubutu kutoa ushauri wanaungana kunishambulia. Wanaondoka wameshikana mikono. Nazika, nabatiza, nafungisha ndoa za mabibi harusi wanaokuja jua likiwa utosini na ndoa ilikuwa ya asubuhi.

Halafu kuna mlango. Mlango wa nyumba yetu ya mapadri ni wa bati nene, na mtu akiubisha unalia nyumba nzima. Watu wana kipawa cha kujua saa niliyonyanyua kijiko. Huyu kanunua gari, anataka libarikiwe sasa hivi kabla hajaliendesha. Huyu kaota ndoto. Huyu anataka ufunguo wa choo cha kanisa. Nilikuwa naweka kijiko chini, navuta pumzi, na kabla sijainuka kitini natoa yale maneno mawili, kwa sauti, bila hata kujua kwamba nimeyatoa. Hayo nitayafikia.

Kati ya wote waliobisha, hakuna aliyebisha kama Bibi Kipaza. Jina hilo nililikuta. Alipewa kwa sababu sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza. Akijibu "Amina" kiti cha mwisho, mimi altareni naruka. Alibisha kwa fimbo. Alikuja kusema maua ya altare yamenyauka, kengele imechelewa, mahubiri yamekuwa mafupi, na wiki inayofuata kwamba yamekuwa marefu. Hana dogo, bibi yule. Na akimaliza ya kanisa alihamia kwa mkamwana wake.

Mkamwana huyo ni mshonaji. Ndiye anayeshona sare za kwaya zote mbili, na vitambaa vya altare, na kanzu zangu anazitia viraka kwa ustadi hata siwezi kuonyesha kiraka kilipo. Mume wake alikuwa mtoto pekee wa Bibi Kipaza, na alifariki mapema, kabla hawajapata mtoto. Kila mtu alitegemea mwanamke yule angefunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mama mkwe, wawili tu, katika nyumba ya vyumba viwili na cherehani sebuleni.

Kila Jumamosi walikuja pamoja kwenye kitubio. Bibi mbele, mshonaji nyuma yake amembebea mkoba. Na Bibi Kipaza, akiwa bado kwenye foleni, aliwageukia watu akatangaza, "Leo nina mengi ya huyo." Akayataja: huyo katia chumvi nyingi, huyo anashona mpaka usiku nyumba haina usingizi, huyo kanijibu kwa mabega. Kumwita kwa jina lake, au mwanangu, au hata mkwe, sikumsikia. Ni huyo tu. Watu walicheka, mimi mwenyewe ndani ya kizimba nilikuwa naziba mdomo nisicheke, na mshonaji alisimama palepale na mkoba mikononi akitazama sakafu. Kwa kusema hivi sivunji siri yoyote. Yote hayo yalisemwa nje, kwa sauti iliyowafikia hata wapita njia. Aliyoyasema akishapiga magoti ni mengine, na hayo yanakaa kwangu.

Basi nikaenda monasterini. Nina mdogo wangu wa tumbo moja kule, bruda, bawabu wa lango. Watu wakiona kanzu humwita kila mtu padri, lakini mdogo wangu hakupewa daraja la upadri, wala hakulitaka. Anasali, anafanya kazi, anatii, basi. Hawezi kuungamisha hata kuku. Mimi askofu anaweza kunihamisha kesho na begi langu moja. Yeye aliweka nadhiri ya kubaki palepale maisha yake yote, na makaburi ya monasteri yako nyuma ya bustani ya mboga, kwa hiyo siku ya zamu yake anapalilia mahali atakapolazwa. Nilimwonea wivu. Nilidhani mtu anayejua kaburi lake lilipo hapigiwi simu ovyo.

Simu yangu aliichukua abate siku ya kwanza, akaitia kwenye droo. Nilifurahi karibu nimkumbatie. Furaha ile haikufika jioni, maana nilikuwa nimekimbia simu nikaangukia kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya zaburi, kengele ya kazi, kengele ya kuacha kazi ukiwa ndio kwanza imekukolea. Simu unaweza kuizima. Kengele ile, ukiwa umeandika nusu ya neno unaliacha nusu, unakwenda.

Na kimya chenyewe! Tulikula kimya, mmoja akitusomea kitabu, na chumvi unaiomba kwa kidole. Ukifunga mdomo ndipo unajua watu wana kelele kiasi gani. Kuna aliyetafuna kwa kuhesabu. Kuna aliyeburuta kandambili. Kandokando yangu katika kwaya alisimama mzee mmoja, mtawa mtakatifu kwa habari zote, aliyesafisha koo kabla ya kila zaburi, na zaburi hazipungui.

"Unamzoeaje?" nilimwuliza mdogo wangu katika chumba cha bawabu, mahali pekee mtu aliporuhusiwa kusema kidogo.

"Nani, Baba Koo?" Akacheka. "Kaka, nimesimama naye tangu nilipoingia. Miaka ya mwanzo nilikuwa naota namkaba."

"Na sasa?"

"Sasa akiumwa na asipokuja, napakosa mahali pa kuanzia zaburi." Akajikuna goti. "Lakini bado ananikera. Usije ukadhani imepita."

Goti lile ndilo lililoniponza. Lilikuwa limevimba, akashindwa kuinuka kila mara kufungua lango, na abate, badala ya kumtafuta mtawa mwingine, akaniita mimi.

"Baba abate," nikamwambia, "mimi nimekuja kutafuta kimya."

"Kimya kipo kingi," akasema. "Mtu wa langoni ndiye hatuna."

Nilikaribia kulia, nasema kweli. Mtu amekimbia mlango, amesafiri, amepanda kilima, na kule juu wanampa mlango mkubwa zaidi.

Lango lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akibisha, bawabu hujibu kwanza, "Ashukuriwe Mungu," kabla hajafungua kidirisha, kabla hajajua ni nani. Mdogo wangu alinifundisha akiwa ameweka mguu juu ya kiti. Akisikia tu mtu anabisha, maneno yalimtoka laini, kama mtu aliyekuwa akikusubiri. Mimi nilikuwa nayasahau, nayakumbuka nikiwa nimeshafungua, nayasema mtu akiwa ameshaanza kueleza shida yake, ikawa kana kwamba namshukuru Mungu kwa shida hiyo. Mtu anasema, "Mke wangu anaumwa," nami, "Ashukuriwe Mungu." Mdogo wangu alikuwa anauma kitambaa asicheke.

Ikafika siku ya baraza. Abate na wazee wake wangekaa baada ya masifu ya jioni kunizungumzia, mimi mwenyewe niwepo kujibu maswali. Siku hiyo nilikuwa na hamu moja tu, nikubaliwe. Baba Koo na kengele zile nilikuwa tayari kuvivumilia, mradi nisirudi kwenye mlango ule wa bati. Nilishapanga na maneno ya kusema.

Lango, kana kwamba lilijua, halikunipa nafasi asubuhi ile. Alibisha mtu anayeuliza kama tunauza asali. Hatuuzi asali. Akabisha mtu aliyepotea njia, nikamwelekeza, akabisha tena kwa sababu hakuelewa. Walibisha mahujaji waliojaza basi, wote wanataka choo. Yule wa asali alirudi kuuliza kama tunajua wanaouza. Nilikuwa ndio kwanza nimeketi, nimefungua mkate wangu, nimenyanyua kipande. Lango likalia ko, ko, ko.

"Nani tena?" nikasema.

 Nje nikasikia sauti ya mwanamke, nusu kicheko na nusu kilio:

"Ndiye! Ndiye mwenyewe! Nimempata!"

Nikafungua kidirisha. Alikuwa mshonaji, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la njiani, pini mbili bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi kama alivyoinuka kwenye cherehani. Nyuma yake dereva wa pikipiki anapangusa jasho.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba paroko."

"Milele amina. Umejuaje ni mimi? Hujaniona."

Akatazama chini. Nikamwuliza tena, maana sauti yangu si ya ajabu.

"Baba, samahani. Parokia nzima tunakuita hivyo."

"Vipi?"

"Padri Nani-Tena."

Nyuma yangu mdogo wangu alitoa mlio kama wa birika linalochemka. Sikugeuka kumtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofika. Mama ndiye aliyeanza."

"Na hakuna mtu hata mmoja aliyeona vema kuniambia?"

"Nani angekuambia, baba?" akasema. "Si angebisha kwanza."

 Nilisimama na mkate mkononi nikihisi masikio yakiwaka moto. Miaka yote hiyo nilijiona mvumilivu. Nilidhani chuki yangu kwa mlango ule ni siri baina yangu na Mungu, kumbe watoto wa mafundisho wanaiimba.

Lakini mshonaji hakuja kunitania. Mama mkwe wake alikuwa amelala kitandani tangu juma lililopita, mapafu yamejaa maji, na asubuhi hiyo tabibu wa zahanati alimwambia mshonaji pembeni kwamba awaite ndugu kama wapo. Hawapo. Bibi alitaka padri.

"Msaidizi wangu yuko wapi?"

"Alikuja jana, baba. Alikuja vizuri tu, na mafuta matakatifu. Mama akamfukuza. Anasema yule kijana ana adabu mno, hawezi kumwambia kitu."

"Hapa kuna mapadri. Abate atampa mmoja sasa hivi, mpole, mtu wa sala."

"Hataki mpole. Anakutaka wewe." Akaushika ukingo wa kidirisha kwa vidole vyenye alama za sindano. "Anasema, wewe ukiguna, yeye anajua umesikia. Na anasema unaguna, lakini unakuja. Baba, nimetoka mbali. Usiniache nirudi peke yangu."

Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Siku zote za mwezi zilikuwepo, Bibi Kipaza akachagua siku ya baraza! Nikamwacha mdogo wangu langoni na goti lake, nikaenda kumtafuta abate. Nilimkuta zizini, mkono mmoja umezama kinywani mwa ndama aliyekwamwa na kitu kooni. Nilimweleza huku ndama akipiga mateke.

"Nenda," akasema.

"Na baraza?"

"Baraza litakaa baada ya masifu. Ukiwepo tutazungumza. Usipokuwepo tutazungumza pia, ila kwa kifupi." Akachomoa mkono, na gunzi la hindi ndani yake. "Simu yako iko kwenye droo ya juu."

Nikapanda pikipiki, watu watatu juu ya kiti cha wawili, nimekumbatia mkoba wenye stola, chupa ya mafuta na komunyo. Simu niliyoiwasha ilitetemeka mfukoni njia nzima. Kwaya zilikuwa zimegawana kipaza sauti. Moja ina kipaza chenyewe, nyingine imechukua waya.

Nyumba yao naijua, lakini mchana ule niliiona upya. Cherehani karibu na dirisha, sare za kwaya zimerundikwa kitini, mikono haijaunganishwa bado. Kutoka kitandani kwa Bibi, kupitia mlango wa chumba, mshonaji alikuwa amefunga uzi uliokwenda mpaka kwenye kengele ndogo juu ya cherehani, mgonjwa auvute akihitaji kitu. Uzi ulikuwa umechakaa pale anapoushika.

"Umechelewa," Bibi Kipaza akaniambia nilipoingia. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki pumzi tu, na hilo lilinishtua kuliko kumwona alivyokonda. "Wamekukataa huko?"

"Bado hawajaamua, bibi."

"Watakukataa. Unaguna sana." Akatafuta pumzi. "Mwambie huyo atoke."

Mshonaji akatoka, akafunga mlango.

Na hapa hadithi yangu ina tundu, na sitaliziba. Bibi Kipaza aliungama, nami nikampa maondoleo, nikampaka mafuta kwenye paji na viganjani, nikampa komunyo. Ilichukua muda. Aliyoyasema sikuambii wewe unayesoma, wala sitamwambia askofu, wala sitayasema ndotoni kama Mungu akinisaidia.

Nilipotoka, mshonaji alikuwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, hashoni. Alisubiri nifunge mlango.

"Baba," akasema polepole, "alinitaja?"

Nikauchukua mkoba wangu.

"Sitaki mengine," akasema. "Mengine ni yake na Mungu. Nataka moja tu. Kila Jumamosi amenitaja mbele za watu, chumvi, mabega, sijui nini, mpaka watoto wananicheka. Nimemwogesha. Nimembeba. Usiku nikisikia hakohoi naamka nione kwa nini hakohoi. Hajawahi kuniambia neno. Leo, mwisho huu, alinitaja vipi? Vibaya au vizuri?"

"Mama, siwezi kusema."

"Neno moja."

"Hata herufi."

"Basi tikisa kichwa."

"Siwezi hata kutikisa kichwa."

"Basi usiseme kitu." Akainuka akanikaribia. "Nikuangalie tu usoni. Mimi ni mshonaji, naangalia mtu najua vipimo vyake. Nitajua mwenyewe."

Kweli angejua. Uso wangu haujawahi kuficha kitu, ushahidi ni jina walilonipa. Nikafanya kitu pekee kilichobaki. Nikageuka, nikauelekeza uso wangu ukutani. Nilisimama hivyo, mtu mzima, paroko mwenye stola shingoni, nimekodolea macho kalenda ya duka la vitambaa, na nyuma yangu mwanamke analia.

"Nimekufuata mpaka kule juu," akasema. "Nimepanda kilima. Nawe unanipa mgongo."

Nilimwonea huruma hata nikajichukia. Nilimkasirikia na Mungu pia, wala simfichi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta kimya kwenye kilima, kwa watu wanaoomba chumvi kwa kidole, nikadhani kile ndicho kimya kigumu. Kile wanakibeba thelathini na kitu, kinagawanyika. Hiki nilikuwa nacho peke yangu katika sebule ya mtu, na neno moja lingemtuliza au lingemmaliza, na neno lenyewe halikuwa langu.

Nje dereva akapiga honi. Jua lilikuwa limegeuka. Kama ningetoka wakati ule ule ningewahi masifu, na baraza, na maneno yangu niliyoyapanga.

"Nenda, baba," mshonaji akasema. "Umeshamaliza kazi yako."

Nikatoka mpaka mlangoni. Nikamwambia dereva aende zake, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia aondoke kabla sijabadili mawazo. Nikarudi ndani. Nikasogeza rundo la sare, nikaketi kwenye kile kiti, bado nimetazama ukuta.

"Mbona huendi?"

"Kukuambia siwezi," nikasema. "Kukaa naweza."

Akanitazama, nadhani. Nilimsikia akivuta makamasi, kisha akaketi. Tukakaa. Maji yalidondoka mahali fulani jikoni. Simu ikatetemeka, nikaizima. Baadaye nikasikia cherehani ikianza, taratibu, kisha ikasimama.

"Ningemwuliza mwenyewe?" akasema.

 Hata hilo sikuweza kulijibu, maana kusema muulize au usimuulize kungekuwa kusema. Nikaendelea kuitazama kalenda, na sijawahi kuijua kalenda kama ile.

Kengele ndogo juu ya cherehani ikalia mara moja. Mshonaji akainuka. Akazichomoa pini mbili kifuani, akazichomeka kwenye mto wa pini, akajifuta uso kwa mkono wa sare ya kwaya. Akaingia chumbani, akaurudisha mlango nyuma yake, na uzi ukalegea.

Nilisikia sauti zao, moja pumzi tu na nyingine ya chini. Maneno sikuyasikia, wala sikusogea kuyasikia. Yalichukua muda. Kwa mara ya kwanza tangu mchana niliweza kuugeuza uso wangu uangalie chumba. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mguu wa cherehani. Kule juu kengele ya masifu ilikuwa imeshalia, Baba Koo ameshasafisha koo, na wazee wanazungumza kwa kifupi.

Mlango wa nje ukabishwa. Majirani walikuwa wamesikia padri yupo. Nilimsikia mmoja akinong'ona na mwingine kuhusu gari.

Kutoka chumbani, kwa sauti nzito ya mtu aliyelia mpaka akaishiwa, mshonaji akaita, "Nani tena?"

"Kaa na mama yako," nikamwambia. "Mlango naufungua mimi."

Nikainuka, nikavuta pumzi, nikaenda kufungua, huku naguna.